Kichekesho cha Watu Wawili Chawatoa Jasho Vijana wa Miyuji

Upepo wa Dodoma hauna adabu. Kati ya mwezi wa Juni na Agosti huvuma kutwa nzima, ukalibeba vumbi la Miyuji na kulitia katika chai, katika nywele na, kama walivyokuja kugundua vijana wanne waliopanga vyumba viwili mtaani humo, katika kipaza sauti cha kuazima.

Vijana hao, watatu wa kiume na mmoja wa kike, ni wanafunzi wa sanaa za maonyesho. Walikuwa wamepewa kazi ambayo kwa kuitazama ni nyepesi: watengeneze filamu ya dakika nne, yenye wachezaji wawili tu, nayo iwe ya kuchekesha. Kamera ingekuwa mikononi mwao Jumamosi na Jumapili, basi. Alama za kazi hiyo zilitosha kumvusha mtu mwaka au kumrudisha nyuma.

Ndugu msomaji, asiyewahi kujaribu hudhani kwamba kuchekesha ni kazi ya mwenye mdomo mwepesi. Kwa hakika ni rahisi zaidi kuwaliza watu. Mlaze mama mgonjwa kitandani, mlete mwana aliyekuwa amepotea, na machozi yatakuja yenyewe. Lakini kicheko hakilazimishwi, na mtu asiyecheka huonekana usoni mara moja.

Mwandishi wa makala haya aliwakuta Alhamisi jioni wangali wanabishana. Mmoja alitaka waigize sehemu ya Aliyeonja Pepo, tamthilia ya Farouk Topan iliyochapishwa mwaka 1973, yenye kisa cha mvuvi anayefikishwa peponi kwa makosa. Chaguo la mtu aliyesoma! Lakini pepo haijengeki kwa siku mbili katika chumba cha kupanga, na kazi ya mwandishi huombewa ruhusa kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikumsamehe mwanafunzi anayetaka kuionyesha hadharani. Wa pili alileta mazungumzo aliyoyatoa katika filamu ya Kimarekani na kuyatafsiri neno kwa neno. Yakasomwa. Hakuna aliyecheka, hata yeye mwenyewe.

Wa tatu ndiye aliyewafurahisha wenzake. Alipendekeza ombaomba wa Kigogo na karani aliyehamia kutoka Dar es Salaam. Itakumbukwa kwamba uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati, makarani wageni wamekuwa wengi mjini. Ombaomba angesema Kiswahili cha kuvutavuta, karani angemzungusha kwa maneno makubwa, na mwisho ombaomba angeondoka na bakuli tupu. Wakaanza mazoezi papo hapo, kicheko kikapenya ukutani.

Upande wa pili wa ukuta huo anaishi mwenye nyumba, mama wa makamo, Mgogo wa hapo hapo. Akaja mlangoni na sahani ya karanga.

"Mbukwenyi," akawasalimu.

"Shikamoo mama," wakaitikia wote, wakanyamaza.

"Endeleeni, wanangu. Nimesikia mnacheka."

Wakaendelea, kwa sauti ya chini kidogo. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu: "Na huyu ombaomba, zamu yake ya kujibu iko wapi?"

Kisha akawasimulia habari za mtani wake wa Kihehe aliyekuja msibani kwao. Kaka yake mama huyo alikuwa amelala ndani akingoja kuzikwa, na mtani akajitokeza uani akitembea kwa kuchechemea kama marehemu, akidai alipwe deni la pombe kabla jeneza halijatolewa. "Tulicheka huku tunalia," alisema. "Lakini mwaka uliofuata msiba ulikuwa kwake. Nilikwenda mimi, na mdomo wangu nao mnaujua. Huyu wenu mmemfunga mdomo, halafu mnamcheka."

Kwa maoni ya mwandishi, swali hilo la mama lilikuwa somo zima. Wagogo na Wahehe wanataniana bila kugombana kwa sababu kila upande una zamu yake. Kichekesho cha watu wawili ni hivyo hivyo. Wazazi watawakumbuka Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, waliowakusanya watu wa nyumba nzima mbele ya redio moja. Majina yao yametoka katika methali isemayo kwamba pwagu hupata pwaguzi, yaani hata mwizi ana mwizi wake. Humo hapakuwa na mjanja wa kudumu wala mjinga wa kudumu. Anayenyanyaswa kutoka mwanzo hadi mwisho bila kujibu hachekeshi. Anayecheka ni yule aliyemtunga.

(Kwa mzazi anayedhani kuigiza ni uhuni, ni vema akumbuke kwamba Rashidi Mfaume Kawawa alicheza filamu za Kiswahili, Muhogo Mchungu ikiwamo, kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962.)

Usiku huo ombaomba akaachwa. Wakatafuta upya, safari hii wakijiuliza ni watu gani wawili wanaohitajiana na hawawezi kukimbiana. Laurel na Hardy, katika filamu yao ya mwaka 1932 iitwayo The Music Box, walikuwa na piano moja na ngazi ndefu ya kuipandisha, wala hawakuhitaji zaidi. Miyuji haina piano, lakini ina mita za LUKU.

Kila aliyepanga anakijua kisa hiki. Mwenye nyumba na mpangaji wanatumia mita moja, na zimebaki uniti tatu. Mpangaji anataka kupiga pasi shati la usaili wa kesho asubuhi. Mwenye nyumba anapika maharage kwa jiko la umeme, na mkwe wake yuko njiani. Kila mmoja anaapa kwamba hana hata senti. Noti ya mpangaji imo ndani ya kiatu. Ya mwenye nyumba imefundikwa katika pindo la khanga.

Ijumaa wakaipima. Kwanza walisoma maneno huku wasikilizaji wamefumba macho, kama kwamba ni redio. Kisha wakacheza kimya kimya, bila neno lolote, kama alivyofanya Charlie Chaplin, ambaye inasemwa ndiye aliyetuachia neno chale. Jaribio la pili lilionyesha kasoro: mpangaji alikuwa akisema mno juu ya umaskini wake, hali kiatu kilitosha kueleza kila kitu. Nusu ya maneno yake yakafutwa. Msichana aliyecheza mwenye nyumba alirekebishwa na mama mwenyewe, aliyemwonyesha jinsi fundo la fedha linavyofungwa na mahali mkono unapokwenda mtu anapotajiwa deni.

Jumamosi upepo uliwafukuza uani. Waliingia ndani, wakaziba dirisha kwa blanketi, na kila bati lilipolia juu ya paa walingoja. Sehemu ya taa kuzimika ghafla, mikono ya wote wawili ikiwa tayari imeshika noti gizani, ilirudiwa mara kumi na moja.

Jumapili jioni walimwonyesha mama. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la khanga. Kisha akamgeukia kijana aliyecheza mpangaji, akamwuliza habari za kodi ya mwezi huu, ambayo haikuwa imelipwa kweli.

Kijana akainama, akaanza kuvua kiatu.