Mpenzi, Huo Moshi Utakumaliza!

Wengi tunadhani ugonjwa sugu wa mapafu ni wa wavuta sigara tu. Hapa Haydom nawafahamu akina mama wasiowahi kugusa sigara, lakini kilima kidogo tu wanahema. Chanzo? Moshi wa kuni miaka nenda rudi, tena baridi ya Julai milango inafungwa! Mapafu yakishaharibika hayarudi kama zamani. Dawa hupunguza makali tu.

Wanandoa, kikohozi kikifika wiki mbili, nendeni hospitali pamoja. Mpimwe TB na mapafu. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Wewe baba usisubiri: toboa dirisha jikoni, acha sigara, nunua gesi. Hayo nayo ni mapenzi, au siyo?