Mkono, Mdomo na Mwaka wa Nzige

Shule zote za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, wazazi wa mijini waligeuka walimu bila kujiandaa. Biliqo, katika ukanda wa Ewaso Nyiro huko Merti, kaunti ya Isiolo, jambo hilo halikuwa geni kiasi hicho. Malisho yakikauka, mifugo hupelekwa fora, zile kambi za mbali za wachungaji, na mara nyingi watoto hufuatana nayo. Hata kabla shule hazijafunguliwa zote Januari 2021, mvua zilikuwa zimeanza kukosekana. Zikakosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022. Kwa familia nyingi za kaskazini, nyumba ndiyo darasa kwa wiki na miezi kadhaa, liwe darasa la kupenda au la kulazimika.

Mzazi anayejikuta katika hali hiyo na mtoto wa miaka 5, 6 au 7 kwa kawaida huiga shule anayoikumbuka. Daftari linafunguliwa, sentensi inaandikwa juu, mtoto anaambiwa anakili mara kumi. Somo la historia ni kukariri: uhuru, 12 Desemba 1963. Baada ya robo saa mtoto analia, mzazi amekasirika, na daftari linarudi kabatini. Wengi huhitimisha kwamba mtoto ni mvivu au mzazi hana kipaji cha kufundisha.

Sayansi ya ubongo na ya kujifunza ina maelezo mengine. Somo lile limefunga kazi tatu katika kamba moja: kuchora umbo la herufi, kupanga maneno ya kusimulia, na kuelewa wakati uliopita. Mtu mzima hufanya zote tatu pamoja bila kuhisi uzito. Kwa mtoto mdogo, kila moja bado ni mzigo kamili. Anayefundisha nyumbani akizifungua na kufundisha kila moja peke yake, kisha aziunganishe polepole, kazi hubadilika kabisa.

Herufi iliyopinda ina faida

Tuanze na mkono. Mwaka 2012 Karin James na Laura Engelhardt wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya na watoto wa miaka 5 ambao walikuwa hawajajua kusoma. Herufi nyingine watoto walizichora wenyewe kwa mkono, nyingine walizifuatisha juu ya alama zilizochapwa, nyingine walizibonyeza kwenye kibodi. Baadaye waliingizwa katika mashine ya MRI na kuonyeshwa herufi. Sehemu za ubongo ambazo msomaji huzitumia ziliamka kwa herufi ambazo mtoto alikuwa amezichora mwenyewe. Kwa zile za kufuatisha na za kubonyeza, mwamko wa namna hiyo haukuonekana.

Watoto wa jaribio lile walikuwa wachache, lakini maelezo ya watafiti yana mantiki. Mtoto akichora R kwa mkono wake, mara ya kwanza tumbo la herufi ni kubwa mno, mara ya pili mguu umekimbia, mara ya tatu imelala ubavu. Kila moja ni R. Ubongo unapoona maumbo mengi yasiyofanana yakiitwa kwa jina moja, hulazimika kutafuta ni kitu gani hasa kinachoifanya R iwe R. Anayefuata nukta huona umbo lile lile kila mara, na hana cha kutafuta. Kwa hiyo herufi mbaya za mwanzo zisifutwe kwa hasira, maana ndizo zinazofundisha.

Hapa Biliqo haina haja ya kuonea mji wivu. Mchanga wa laga, yaani mto wa msimu uliokauka, ni ukurasa usioisha: kidole ni kalamu, kiganja ni kifutio. Watoto wengi pia wameuona ubao wa duksi, shule ya Kurani, unaoandikwa aya kwa wino, ukasomwa hadi ukakaa kichwani, kisha ukaoshwa na kuandikwa upya. Desturi hiyo inakaribiana na jambo ambalo Virginia Berninger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliligundua katika utafiti wao wa 1997 kwa watoto wa darasa la kwanza waliokuwa na mwandiko wa shida. Walilinganisha mbinu kadhaa. Iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa hii: mtoto anaonyeshwa herufi yenye mishale inayoeleza mkono uanzie wapi, herufi inafunikwa, naye anaiandika kutoka kichwani. Kutazama, kufunika, kuandika. Dakika chache kwa siku zinatosha.

Kuna kosa moja linalowatia wazazi hofu bure. Andika jina la kijiji kwa herufi ndogo: biliqo. Mtoto akiandika d mahali pa b, au p mahali pa q, hajapungukiwa akili. Herufi b, d, p na q ni umbo moja lililogeuzwa pande nne, na mtoto wa hapa anakutana na mbili kati yake ndani ya jina la kwao. Stanislas Dehaene, mwanasayansi wa ubongo wa Ufaransa, ameeleza kwamba ubongo ulizoea tangu zamani kutambua kitu kilekile hata kikigeuka. Ng'ombe anayetazama mashariki ni yuleyule akitazama magharibi, na mchungaji asiyejua hilo angepoteza kundi. Kusoma kunamtaka mtoto aiache kanuni hiyo kwa herufi peke yake. Inachukua muda, na kugeuzageuza herufi hadi miaka 7 au 8 ni jambo la kawaida.

Mdomo utangulie

Kazi ya pili ni kusimulia. Carl Bereiter na Marlene Scardamalia, watafiti wa Canada waliochapisha kazi yao kubwa kuhusu uandishi mwaka 1987, walilinganisha maneno ambayo watoto wa shule ya msingi waliyaandika wenyewe na yale waliyoyasema huku mtu mwingine akiandika. Walipokuwa wakisema, walitoa mengi zaidi. Mawazo yalikuwepo tayari. Mkono ndio uliokuwa ukiyachelewesha. Nafasi ya kichwa ambamo mtu hushikilia mambo anayoyafanyia kazi wakati huohuo ni ndogo kwa kila binadamu, na kwa mtoto ni ndogo zaidi. Mtoto wa miaka 6 anayetunga huku akifikiria jinsi ya kuandika kila herufi ni mchungaji mmoja aliyepewa makundi mawili yanayoelekea pande tofauti: akilifuata moja, lingine limepotea.

Dawa yake ni rahisi. Mtoto aseme, mkubwa aandike. Aandike maneno yaleyale ya mtoto, kwa lugha ya nyumbani. Kama ni Kiborana, iwe Kiborana. Kisha amsomee, na mtoto achague neno moja au mawili ya kuandika kwa mkono wake chini ya mchoro. Mwezi ujao yawe matatu. Kama hapo nyumbani hakuna mkubwa anayejua kuandika, kaka au dada aliye Gredi ya 5 anaweza, au simu ikarekodi sauti mpaka apatikane mwandishi.

Hata hivyo, sehemu yenye nguvu zaidi haimhitaji mzazi aliyesoma. Mwaka 1999 Carole Peterson na wenzake wa Newfoundland, Canada, waliwagawa akina mama wa kipato cha chini mafungu mawili. Fungu moja lilifundishwa kuzungumza na watoto wao wadogo kuhusu mambo yaliyopita, kwa muda mrefu zaidi na kwa maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana. Msamiati wa watoto hao uliongezeka, na mwaka mmoja baadaye masimulizi yao yalikuwa yamekomaa kuliko ya wenzao.

Tofauti ya maswali yenyewe inaonekana ndogo. Mama mmoja anauliza, "Jana tulienda kisimani, sivyo?" Mtoto anajibu, "Ndiyo," na mazungumzo yamekufa. Mwingine anauliza, "Jana kisimani, nani alitangulia kunywa? Na yule ndama, mbona alirudi nyuma?" Mtoto sasa analazimika kutaja wahusika, kuwapanga na kutoa sababu. Akimaliza, ameshatunga insha. Imebaki kuandikwa tu.

New Zealand kuna ushahidi unaofaa kuzisisimua jamii zinazothamini masimulizi ya wazee. Mwaka 2000 Shelley MacDonald na wenzake waliwauliza watu wazima kumbukumbu yao ya kwanza kabisa maishani ni ya umri gani. Wamaori, ambao utamaduni wao unatilia mkazo sana habari za waliotangulia, walikumbuka mambo ya wastani wa miaka miwili na miezi minane. Wenzao wenye asili ya Ulaya walikumbuka ya miaka mitatu na nusu hivi. Watafiti wanaona kwamba nyumba inayoongea sana kuhusu jana humsaidia mtoto kuihifadhi jana yake mwenyewe.

Jana, juzi na enzi za bibi

Kazi ya tatu ni wakati, na hapa ndipo tarehe za kukariri zinapogonga mwamba. Mwaka 1996 Keith Barton na Linda Levstik waliwaonyesha watoto wa Marekani, kuanzia wa chekechea hadi wa darasa la sita, picha za vipindi mbalimbali na kuwaomba wazipange. Hata wadogo waliweza kutenganisha ya zamani na ya karibuni kwa kutazama nguo, nyumba na vyombo vya usafiri. Tarehe, kwa upande mwingine, hazikuwaambia kitu hadi kufikia kama darasa la tatu. Mtoto mdogo, basi, ana hisia ya historia. Anachokosa ni namba za kuipimia.

Wazee wa Kiborana wamekuwa wakipima wakati bila namba hizo kwa vizazi. Zama hutajwa kwa jina la kiongozi aliyekuwapo, Abba Gadaa, na kila mmoja huongoza miaka 8. Mwanaanthropolojia Asmarom Legesse aliuchambua mfumo huo katika kitabu chake cha mwaka 1973, na mwaka 2016 UNESCO iliuingiza mfumo wa gadaa katika orodha ya urithi wa binadamu. Kwa mtoto wa miaka 6 hata miaka 8 ni mingi mno. Aanzie karibu zaidi: kwenye mwili wake na zizi la kwao.

Kwa desturi, mtoto wa Kiborana aliyezaliwa anaweza kupewa mtamba, zawadi inayoitwa handhura. Mtamba huyo ni kitabu cha historia chenye miguu minne. Alizaa lini, kabla ya ukame au baada yake? Mama yake alikuwa wa rangi gani, na alitoka kwa nani? Panga mawe mstarini: hili ni siku uliyozaliwa, hili ni nzige wa 2020, hili ni ukame, hili ni mafuriko ya mwisho wa 2023. Mtoto aweke jiwe la mtamba wake mahali anapodhani linastahili, aeleze kwa nini, na akibadilisha mawazo alihamishe. Tarehe zitakuja baadaye na zitakuta mahali pa kukaa.

Kadi ya kliniki na neno la bibi

Mtu anaweza kusema hayo ni mazungumzo tu, siyo historia. Historia huanza pale mtoto anapouliza: tunajuaje?

Tuseme akko, yaani bibi, anasisitiza kwamba mjukuu alizaliwa nzige walipofunika miti. Mama anasema hapana, nzige walikuwa wameshapita. Nyumbani kuna kadi ya kliniki, yenye tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa na muuguzi, chanjo zote, na mstari wa uzito uliopanda kila mwezi mtoto alipopimwa. Kwa mtoto aliyepitia ule ukame mrefu, huenda mstari ule ukaonyesha mahali ulipolala au ulipoteremka. Mtoto wa Gredi ya 1 anaweza kuambiwa: hapa maziwa yalipungua. Ana sasa mashahidi watatu, na hawasemi kitu kimoja. Kadi inajua tarehe lakini haijui nzige. Akko anawajua nzige lakini hana tarehe. Kuwasikiliza wote na kuamua ni kazi ileile ya mwanahistoria wa chuo kikuu.

Wakubwa wa sehemu hizi wanajua uzito wa jambo hilo. Zama za vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu walipokusanywa na kuzuiliwa na mifugo ikaangamia, huitwa hapa Gaf Daba, na mengi yake yamehifadhiwa katika vinywa vya wazee. Uchungu wa habari hizo unaweza kumngoja mtoto akue. Na mwanzoni mwa 2025, baada ya wakazi kwenda mahakamani, mahakama ya mazingira na ardhi iliamua kwamba hifadhi ya wanyamapori ya Biliqo-Bulesa ilianzishwa bila kufuata sheria. Kesi za namna hiyo hutegemea watu kuweza kusema nini kilitokea, lini, nani alikuwepo, na kuonyesha maandishi.

Kwa hiyo kazi zile tatu zitakutana tena, pengine mtoto akiwa na miaka 8 au 9, mkono ukiwa umeshazoea na mdomo umeshajua kupanga. Mzazi asiharakishe siku hiyo. Ikifika, na mtoto akaleta mstari wake wa kwanza kuhusu mwaka wa nzige, q ikiwa imegeuka, q isubiri. Swali la kwanza liwe: "Umejuaje?"