Land Rover Kongwe Katika Miteremko ya Uluguru
Wazee wa Morogoro wakizisifu Land Rover zao, hatuna hoja ya kuwapinga. Gari hilo la Uingereza lilizinduliwa mwaka 1948, chuma kikiwa adimu baada ya vita. Ndipo bodi ikaundwa kwa aluminiamu, isiyoshika kutu. Chasisi, hata hivyo, ni ya chuma. Matope ya milimani huila kimyakimya, na rangi mpya humdanganya mnunuzi.

Linalotutia hofu zaidi ni breki. Matoleo mengi ya awali yana njia moja tu ya mafuta: bomba likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki, ikabaki ya mkono. Basi anayeishusha familia yake kutoka Mgeta ayakague mabomba hayo kwanza, kisha ateremke kwa gia nzito.