Kuunganisha Simu na Kompyuta kwa Majaribio ya Programu: Hitilafu na Majina Yake

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza hitilafu zinazojitokeza pale simu inapounganishwa na kompyuta ili programu mpya ijaribiwe na kasoro zake zisakwe. Mfano unaochukuliwa ni wa mkoa wa Haut-Katanga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Programu inayotungwa mjini Lubumbashi, palipo na chuo kikuu, yaweza kuwa na watumiaji walio mbali na mji huo. Kasenga, kwa mfano, ni mji wa wavuvi na wachuuzi wa samaki ulio ukingoni mwa mto Luapula, kiasi cha kilomita 200 kaskazini-mashariki ya Lubumbashi, mkabala na nchi ya Zambia.

Aghalabu programu hujaribiwa kwanza katika simu ya kuigiza, yaani programu ya kompyuta inayojifanya simu. Simu ya namna hiyo haiishiwi na betri, na mtandao wake ni ule ule wa kompyuta. Simu iliyo mkononi mwa mchuuzi wa samaki haina neema hizo. Kumbukumbu yake huweza kuwa ndogo, betri yake imechoka, na mtandao wake, ukingoni mwa mto ulio mpakani, huweza kuhama kutoka mnara wa nchi moja hadi mnara wa nchi ya pili. Programu isiyopata kujaribiwa katika simu halisi huenda ikamwangusha mtumiaji siku ile ile anayoihitaji. Hivyo basi, kuunganisha simu halisi na kompyuta ni sehemu ya lazima ya kazi, na kushindwa kuiunganisha ni kushindwa kujua kama kazi imekamilika.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba hitilafu hizo hutafutika kwa urahisi endapo kila moja itapewa jina linaloonyesha ni nani aliyekataa: kebo, kompyuta, simu au mtandao.

2.0 Lugha ya Mazungumzo ya Kazi

Kiswahili cha Lubumbashi kilikua katika migodi, karakana na reli za karne ya 20, na kwa hiyo kimepokea majina mengi ya zana kutoka Kifaransa. Mafundi wawili wanaposaidiana mbele ya kompyuta, kioo huandika Kiingereza au Kifaransa, lakini fikra hujengwa kwa Kiswahili. Katika Kiswahili hicho neno "iko" lina kazi nyingi: huonyesha mahali, hali na hata sifa. Fundi akisema kwamba simu "haiko", mwenzake hawezi kujua papo hapo kama simu haionekani kabisa, au inaonekana lakini haijibu, au inajibu kwa kukataa.

Isidhaniwe kwamba huo ni upungufu wa lahaja hiyo peke yake. Kauli ya Kiswahili sanifu "haifanyi kazi" ina utata uo huo. Tofauti ya kweli haiko kati ya lahaja na lugha sanifu, bali kati ya jina linalofunika mambo mengi na jina linalotenga jambo moja.

3.0 Ngazi za Muunganisho

Katika simu za Android, kompyuta huzungumza na simu kwa msaada wa programu ndogo iitwayo adb. Ina sehemu tatu: sehemu inayopokea amri za msanidi, sehemu ya pili inayosimamia mawasiliano ndani ya kompyuta kupitia lango namba 5037, na sehemu ya tatu inayosikiliza ndani ya simu. Amri ya "adb devices" hutoa orodha ya simu zilizounganishwa pamoja na hali ya kila moja. Orodha hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza wa kutazamwa. Hata hivyo, kabla simu haijaingia katika orodha, kuna ngazi za kupandwa.

3.1 Kebo

Kebo ya kawaida ya USB 2.0 ina nyaya nne: mbili za umeme na mbili za kupitishia taarifa. Baadhi ya kebo za bei nafuu zina nyaya mbili za umeme tu. Kebo ya namna hiyo huijaza simu chaji barabara, na kwa sababu hiyo humpotosha fundi: huona alama ya chaji, akahukumu kwamba kebo ni nzima. Katika mji ambamo umeme hukatika na kila mtu hutembea na kebo ya kuazima chaji, kosa hili ni jepesi kutendeka. Kipimo chake ni kujaribu kuhamisha picha moja kutoka simu kwenda kompyuta kwa kebo hiyo hiyo. Picha ikivuka, nyaya za taarifa zipo.

3.2 Kompyuta

Kompyuta nayo yaweza kuwa kizuizi. Katika Windows, simu nyingi huhitaji programu kiendeshi inayotolewa na mtengenezaji wa simu au na Google. Katika Linux, mtumiaji asiyepewa haki ya kugusa kifaa cha USB huiona simu katika orodha ikiwa na maneno "no permissions". Dawa yake ni kuongeza kanuni za udev na kumwingiza mtumiaji katika kundi linalostahili. Katika kompyuta za Apple kiendeshi cha ziada hakihitajiki.

3.3 Simu

Tangu Android 4.2 ya mwaka 2012, mipangilio ya wasanidi imefichwa. Ili ionekane, sharti namba ya toleo la mfumo iguswe mara 7. Baada ya hapo ndipo ruhusa ya kusaka kasoro kwa USB huwashwa. Tangu Android 4.2.2 ya mwaka 2013, simu hudai pia kuitambua kila kompyuta kwa ufunguo wake wa siri. Swali la idhini hutokea katika kioo cha simu, na kioo kikiwa kimefungwa, mwenye simu halioni. Kuanzia Android 11 ya mwaka 2020, idhini isiyotumika kwa siku 7 hufutika yenyewe isipokuwa mpangilio huo umebadilishwa. Ndiyo maana simu iliyokubali wiki mbili zilizopita huweza kukataa leo bila mtu yeyote kuiharibu. Simu za iPhone zina desturi ya jinsi hiyo: huuliza kama kompyuta ni ya kuaminika, na tangu iOS 16 ya mwaka 2022 hudai hali ya msanidi iwashwe kwanza.

4.0 Majina Yanayopendekezwa

Hali zinazoandikwa na adb zaweza kutajwa kwa Kiswahili kama ifuatavyo:

(a) Orodha tupu: simu haionekani. Uchunguzi uanzie kwenye kebo, kisha kiendeshi, kisha ruhusa ya kusaka kasoro.
(b) "No permissions": kompyuta imemnyima mtumiaji kibali. Simu haina kosa; isiguswe.
(c) "Unauthorized": simu haijaipa kompyuta idhini. Kioo kifunguliwe na swali lijibiwe. Swali lisipotokea, idhini za zamani zifutwe katika mipangilio na kebo ichomekwe upya.
(d) "Offline": simu haiitikii. Inaonekana, lakini mazungumzo yamekatika. Kebo ichomolewe na kuchomekwa upya, au adb izimwe kwa amri ya "kill-server" na kuwashwa tena.
(e) "Device": simu iko tayari.

Yafaa izingatiwe kwamba (b) na (c) zote mbili zaweza kufasiriwa "hakuna ruhusa", na tafsiri hiyo isiwe na kosa la sarufi. Hata hivyo humpeleka fundi mahali pasipo. Katika (b) mkataaji ni kompyuta. Katika (c) mkataaji ni simu. Kiswahili kina maneno mawili, "kibali" na "idhini", yaliyo karibu kimaana lakini yanayoweza kugawiwa kazi hizi mbili ili utata uondoke.

5.0 Muunganisho Usiotumia Kebo

Tangu Android 11, simu huweza kuunganishwa kwa Wi-Fi kwa kutumia namba ya tarakimu 6 au picha ya msimbo. Sharti simu na kompyuta ziwe katika mtandao mmoja. Baadhi ya mitandao ya taasisi huvitenga vifaa visionane. Hapo simu nyingine yaweza kutoa mtandao wa muda kwa vifaa vyote viwili. Mawasiliano hayo yenyewe hayapiti katika intaneti, wala hayali salio la data.

6.0 Simu Ikiwa Tayari na Programu Ikakwama

Huenda simu ikawa tayari, programu ikafunguka, na bado isipate taarifa zake. Kosa mashuhuri ni la anwani "localhost". Kila kifaa hulielewa neno hilo kuwa "mimi mwenyewe". Programu iliyo ndani ya simu ikiitafuta seva kwa anwani hiyo, huitafuta ndani ya simu, ilhali seva iko katika kompyuta. Simu ya kuigiza ya Android hutumia anwani 10.0.2.2 kuifikia kompyuta, lakini anwani hiyo haina maana hiyo katika simu halisi. Dawa ni amri ya "adb reverse", au kuandika anwani ya kompyuta katika mtandao wa Wi-Fi na kuiruhusu katika ukuta wa ulinzi. Aidha, programu zinazolenga Android 9 ya mwaka 2018 na kuendelea huzuiwa kutumia http isiyo na usiri, isipokuwa msanidi ameruhusu waziwazi.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba muunganisho wa simu na kompyuta ni ngazi, na kwamba kila ngazi ina mkataaji wake. Anayepanda kwa utaratibu, kutoka kebo hadi seva, hubadili jambo moja kwa wakati mmoja na kujua lipi limeponya. Anayebadili yote kwa pamoja hata akifaulu hajifunzi kitu, na kesho hurudi pale pale. Kazi ya mwanaistilahi katika jambo hili si kutafuta neno la fahari la kuwekwa kamusini, bali kumpa fundi wa Lubumbashi neno ambalo, akilitamka, mwenzake atajua mkono uende wapi: kwenye kebo, kwenye kompyuta au kwenye simu. Programu itakayofika Kasenga ikiwa nzima huanzia katika mazungumzo ya namna hiyo.