Fahamu: Linux Kadhaa Katika Kompyuta Moja

Mtu aliyekusudia kuziweka Ubuntu, Debian na Fedora katika kompyuta moja hana budi kutambua kwamba kila moja huja na GRUB yake, yaani programu iuamshayo mfumo mashine iwashwapo, na kwamba ile iliyowekwa mwisho aghalabu hujitwalia nafasi ya kwanza. Katika mashine za UEFI, yaani programu-msingi ya kuwashia kompyuta za kisasa, hasara si kubwa, kwa kuwa kila mfumo una folda yake katika sehemu ya diski iitwayo EFI, na taratibu ya kutangulia hurekebishwa kwa amri ya efibootmgr. Lakini Ubuntu mbili hugombea folda moja, na fitina hiyo naiona mbaya kuliko zote.

Wengi hustaajabu menyu ya GRUB ya kuchagulia mfumo inapokosa mifumo mingine: tangu toleo 2.06 la mwaka 2021, GRUB, kwa ajili ya usalama, haiitafuti ila kwa idhini, nayo hutolewa kwa kuandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false katika faili /etc/default/grub. Teua basi mfumo mmoja uwe mtawala, na kila mwingine upatapo kerneli mpya, yaani kiini kipya cha mfumo, rudi kwa mtawala huyo, akiwa ni Debian au Ubuntu, uendeshe update-grub.