Sangara ana kibali, mbwa mkubwa bado anatafuta kiti

Sangara anayevuliwa Goziba, kisiwa cha Muleba kilicho mbali katikati ya Ziwa Victoria, hufunikwa barafu, huvushwa hadi kiwandani, hukatwa minofu na pengine hupanda ndege kwenda Ulaya. Mbwa wa kisiwani humo akivuka kuja Kemondo au Bukoba hukaa penye nafasi mtumbwini, kati ya magunia ya dagaa na miguu ya watu. Ukubwa wake haumsumbui nahodha, isipokuwa labda ziwa likichafuka.

Kwenye ndege, ukubwa ndio kila kitu. Mashirika makubwa ya Ulaya kama KLM na Lufthansa hupokea kwenye kabini mbwa asiyezidi kilo 8 pamoja na begi lake, tena begi liingie chini ya kiti cha mbele. Anayezidi hapo huwekwa kwenye kreti na kwenda na mizigo, isipokuwa mbwa wa kumwongoza asiyeona na wenzake waliofunzwa kazi kama hiyo. Marekani ilikuwa na mwanya: abiria alidai mbwa wake anamtuliza moyo, akapanda naye bure. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2021 ziliyaruhusu mashirika kuuziba. Ghuba nako kuna desturi zake: Emirates hukubali kozi wa kuwindia kwenye kabini katika baadhi ya safari za Dubai na Pakistan, lakini mbwa wa kufugwa hapana.

Palipo na mlango uliofungwa, mfanyabiashara hutafuta dirisha. Mwezi Mei 2024 kampuni ya BARK Air ilianza safari za ndege za kukodi kutoka New York, mbwa akikaa anapotaka. Nauli ya mwanzo, kwenda tu, ilikuwa dola 6,000 hadi Los Angeles na dola 8,000 hadi London, mbwa pamoja na mtu wake mmoja. Hiyo ni biashara ya matajiri wachache, na sioni ikishuka kutufikia. Jaribio la Italia lina uzito zaidi. Mwaka 2025 mamlaka ya anga ya huko, ENAC, ililegeza masharti, na Septemba 23 ITA Airways ikarusha ndege ya abiria kutoka Milan hadi Roma ikiwa na mbwa wawili wakubwa, wamefungwa mkanda kwenye viti vya dirishani, kila mmoja na mwenyewe pembeni. Kwa hesabu ya shirika, mbwa wa namna hiyo ni kiti kilichouzwa.

Akibaki kwenye mizigo, sheria nayo humwona mzigo. Oktoba 2019 mbwa mmoja aliyekuwa mkubwa mno kwa kabini alitoroka uwanjani Buenos Aires alipokuwa akipelekwa kupakiwa ndege ya Iberia, na hakuonekana tena. Mwenyewe alidai euro 5,000. Mahakama ya Madrid ilimpa 1,578.82, na Oktoba 2025 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikasema mnyama anaweza kuhesabiwa mzigo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999. Uchungu wa kumpoteza haukuongeza hata senti.

Je, Bukoba? Miongoni mwa ndege zinazotua hapa ni ATR 42, yenye viti chini ya 50 na ushoroba mwembamba. Ndege ya abiria zaidi ya 44 hupewa cheti ikithibitika kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Anayekumbuka asubuhi ya Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani ikiwa na watu 43, wakafa 19, na wavuvi wakatangulia kufika na mitumbwi yao, hahitaji kuelezwa kwa nini mbwa wa kilo 40 asilale njiani. Kwa safari za Bukoba, mbwa mkubwa kwenye kabini ni wazo la kuacha.

Fedha iliyopo iko ardhini: chanjo, vipimo, kreti imara, wakala anayejua makaratasi. Watu wa ziwa wanaujua uzito wa makaratasi. Mwaka 1999 Ulaya ilipofunga soko kwa sababu ya uvuvi wa sumu, sangara walikuwa wale wale. Kilichokosekana ni uthibitisho wa usalama wao. Vivyo hivyo, Tanzania haimo kwenye orodha ya Ulaya ya nchi zenye nafuu kuhusu kichaa cha mbwa, na Marekani inaihesabu miongoni mwa nchi zenye hatari kubwa.

Kwa hiyo mwenye mbwa, mkubwa au mdogo, anayetaka kumpeleka Ulaya asianze na kutafuta tiketi. Aanze kwa daktari wa mifugo: chipu kwanza, kisha chanjo, damu ya kupima kinga ichukuliwe baada ya siku zisizopungua 30, na tangu siku hiyo ahesabu miezi mitatu kabla ya kuondoka.