Kabla ya Kumkabidhi Mpangaji Ufunguo

Askari aliyejenga nyumba ya kupangisha hana budi kuilinda kama alindavyo lindo lake. Neno hili tulilitafakari mjini Arua, tulipozungumza na sajini mmoja mstaafu aliyejenga vyumba vinne upande wa Oli kwa kiinua mgongo chake. Kijana mmoja alimjia na barua yenye muhuri, isemayo kwamba yeye ni karani wa shirika la misaada. Mzee wetu aliutazama muhuri, akatoa ufunguo. Miezi mitano ikapita pasipo kodi, na wajukuu wakarudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule.

Barua ile haikuwa ya kughushi. Ila mkataba ulikuwa umekwisha miezi miwili kabla ya kijana kuhamia, na tarehe iliandikwa mle mle, ukurasa wa pili.

Hapana shaka wako wengi kama yeye. Kambi za wakimbizi za West Nile zimewapa vijana wetu kazi, lakini nyingi ni za mkataba mfupi. Na Marekani ilipokata misaada yake mwaka 2025, waajiriwa wengi waliachishwa. Basi mwenye nyumba asiulize tu, "Wafanya kazi wapi?" bali pia, "Mpaka lini?"

Hati ya mshahara nayo isomwe mpaka mstari wa mwisho. Sisi tulio katika majeshi twajua: mkopo wa Wazalendo au wa Exodus hukatwa kabla fedha hazijafika mkononi. Kinacholipa kodi ni kile kinachobaki. Kodi ikizidi theluthi ya hicho, mashaka yako njiani. Tena, ukitaka kumpigia simu mwajiri, usitumie namba uliyopewa na mpangaji. Itafute mwenyewe, na umwombe mpangaji idhini kwanza, kwa kuwa habari za mtu ni amana.

Huko Koboko mambo ni mengine. Mfanyabiashara apitishaye bidhaa Oraba kwenda Sudan Kusini hana hati ya mshahara, wala hilo si kosa. Mtembelee dukani, uone leseni yake na akiba ya bidhaa. Akuonyeshe hesabu ya benki au ya simu ya miezi sita, kwani mwezi mmoja mnono haumwelezi mtu. Kisha umuulize mwenyekiti wa LC 1 wa alikotoka kama aliondoka bila deni.

Sajini wetu, kwa hasira, alitaka kumtoa kijana kwa nguvu, akisaidiwa na rafiki zake wenye sare. Tulimzuia. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 yakataza kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama, na sare ya taifa si chombo cha kudaia kodi. Sheria hiyo hiyo yataka mapatano ya kodi ya shilingi 500,000 au zaidi yaandikwe. Sisi twasema: hata ya shilingi 50,000 iandikwe.

Mzee alikwenda mahakamani. Siku hizi mgeni akija, huvaa miwani yake na kusoma kurasa zote mbili. Ndugu askari, kuuliza si ujinga, wala si kumdharau mgeni. Mpangaji mwaminifu hujibu bila kukasirika.